Kipande cha Ziwa

Mwaka ule Karungu ilinuka mafunjo yaliyooza. Mvua za kuelekea Uhuru zilikataa kukoma, na ziwa likawa linapanda ufukweni polepole, bila kelele, hata asubuhi tukawa tunakuta kambale wakitapatapa mahali mama alipokuwa amepanda mboga. Watu wazima hawakulizungumzia. Tulikula, tukasali, tukalala, huku harufu ile ikitufuata mpaka kwenye uji.

Nilikuwa darasa la sita. Mwalimu Otieno, mtu mkali ambaye suruali yake ilipigwa pasi kila siku kana kwamba anakwenda harusini, alitufundisha chati ya duara, kisha akatuagiza tukachore mashamba ya baba zetu. Bikari sikuwa nayo, kwa hiyo nilizungusha penseli kwenye mdomo wa kikombe cha bati. Kipimapembe kilikuwa kimoja kwa darasa zima na tulikigombania kama nyama. Mama alinishikia kamba ya kulimia, tukapima kutoka kilimani hadi chini, kamba kumi na mbili. Duara lina nyuzi mia tatu na sitini, basi kila kamba ikapata thelathini. Malisho kamba mbili, nyuzi sitini. Mtama tano, mia moja na hamsini. Mihogo tatu, tisini. Boma letu moja, thelathini. Kamba ya mwisho ilizama majini. Kwenye kipande chake niliandika "ziwa". Kilitoshana na kipande cha boma, na vilikaa ubavu kwa ubavu. Niliogopa.

"Nani amekwambia uandike ziwa ndani ya shamba langu?" baba alifoka alipoiona chati. "Ukiliandika, unaliita. Futa!"

Nilifuta. Kesho yake mwalimu aliliinua daftari langu mbele ya wote. "Akinyi, duara lako halifungi. Nyuzi thelathini zimekwenda wapi?" Darasa likacheka, nami nikarudi nyumbani nikiwa na hasira ya kutosha kumkabili baba. Nilipima tena. Maji yalikuwa yamefika kwenye miguu ya ghala.

"Baba, nikifuta ziwa, duara halifungi. Na sasa limeanza kula boma."

Safari hii hakufoka. Aliiweka chati magotini, akaniambia kilichomfunga miguu. Kwetu mwanamume haanzishi boma jipya bila mwanawe wa kwanza kutembea naye ameshika shoka, mke akibeba moto. Kaka yangu Ouma alikuwa kwenye mashamba ya chai Kericho, na ujumbe tuliompelekea haukuwa umejibiwa. "Nikimruka, nyathina, mwanangu, nimemzika akiwa hai," alisema.

Basi tukamngoja Ouma, na ziwa halikumngoja. Usiku tulilisikia likilamba udongo nyuma ya jiko, na mama akaanza kulala na mdogo wangu kifuani, amemfunga kwa kanga. Siku ukuta wa jiko ulipoanguka, baba alichukua jogoo, mama akabeba moto, na shoka nikakabidhiwa mimi, msichana. Tulipanda malishoni tukaanzisha boma jipya.

Ouma alikuja Krismasi. Alisimama nje ya lango jipya akauliza nani alishika shoka. Mama akanitazama mimi. Hakuingia, alirudi Kericho, akaoa huko, akazeeka huko, na baba alikufa akiwa bado anaulizia mabasi ya kutoka upande ule.

Siku hizi wajukuu wangu huchora duara kama lile kwenye simu, kufumba na kufumbua, na rangi zake nzuri, huku wakishangaa kwa nini tulihangaika na kamba. Miaka hii ziwa limepanda tena. Nimeteremka ufukweni kuwasihi majirani wahame, maana nao wanawangoja watoto wao wa kwanza walioko mijini. Wananisikiliza kwa heshima, wananipa kiti, halafu mmoja wao huuliza, "Mama, na Ouma alizikwa wapi?" Nawaambia Kericho, mbali na boma la baba yake. Hapo mazungumzo huisha, nao hubaki pale pale.