Vanajakshi wa Hassan hupanga safari za watu kuanzia kurudi

Ni asubuhi, na manyunyu hayajakatika mjini Hassan. Vanajakshi, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, ameketi nyuma ya meza yake jirani na stendi ya mabasi, simu ameibana kati ya sikio na bega. Mikono yake inapooza kahawa kwa kuimimina kutoka bilauri ya chuma kwenda kwenye kibakuli chake, na kuirudisha. Anayeongea naye ni baba mmoja wa Bijapur, kaskazini kabisa mwa Karnataka, anayetaka kushuka kusini na ukoo wake mzima kutembelea mahekalu.

"Kaka, nisikilize," anamwambia. "Bi mkubwa wako atakula wali siku ya kwanza, atakula na ya pili. Ya tatu atakuuliza mkate wake wa mtama uko wapi, na vita vitaanza humo humo garini. Kule Udupi, pwani, hawaupiki. Mbebeeni ile mikavu kutoka nyumbani."

Baba anacheka. Anauliza wataanzia wapi, Belur au Halebid.

"Hayo baadaye. Niambie kwanza mnataka kurudi kwenu lini."

Hivyo ndivyo anavyofanya kazi. Wapangaji wengine wa safari huanza na siku ya kuondoka. Yeye huanza na mlango wa nyumbani, watu wakiwa wamechoka na mizigo yao, kisha hurudi nyuma taratibu, kituo hadi kituo, mpaka aifikie asubuhi ya kwanza. Madereva wa stendi humtania kwamba gari la Vanajakshi lina gia moja tu, ya kurudi nyuma.

"Waache waseme," anasema. "Kwenda si kazi. Hata ndama anajua kwenda. Mimi namtafutia mtu njia ya kurudi, nikishaipata ndiyo naangalia mengine."

Kazi yenyewe si lelemama. Katika jimbo hili mwendo wa asubuhi moja unatosha kukutoa kwenye lugha moja na kukutumbukiza kwenye nyingine. Wajaini wanaokwenda Shravanabelagola hawatii kitu kinywani jua likishazama, na viazi na vitunguu hawataki hata kuvisikia. Ukipanda milimani Kodagu, karamu isiyo na nguruwe si karamu. Pwani wako wasemao Kitulu, Kikonkani na Kibeari, na dereva wa bara akikosea kuuliza njia huko watamcheka mpaka jioni. Vanajakshi amewahi kupakia wazee wa Kilingayati, wasiogusa nyama, na wanandoa Wakatoliki wa Mangalore katika basi dogo moja. Mpaka leo wanapigiana simu.

Pato lake ni la kubahatisha. Kundi la watu kumi na wawili humwachia kama rupia elfu moja, na mwezi wa mvua kama huu wa Julai unaweza kupita na safari mbili tu. Humo humo ndimo hutoka kodi ya meza, dawa za mama mkwe wake, na chakula cha nyumba ya wanawake wawili.

Kwamba ni nyumba ya wanawake wawili, mama mkwe hakuwahi kulikubali. Hapo ndipo penye donda.

Mama huyo, Kempamma, amepita miaka sabini na tano na macho yameanza kumtupa. Kwa miaka minne, kila jioni akishasonga ugali wa ulezi alikuwa akifinyanga mabonge matatu. Moja lake, moja la mkwe wake, na la tatu alilifunika kwa sahani kando ya jiko. Hilo lilikuwa la Devaraju, mwanawe, mume wa Vanajakshi. Kukikucha bonge lilipewa ng'ombe wa jirani. Ng'ombe wa watu akanenepa.

Devaraju alikuwa dereva. Mkewe alipanga, yeye akaendesha, na mji mzima ulijua kuwa ukiwapata hao wawili umepata safari. Julai ya miaka minne iliyopita aliwachukua mahujaji kwenda Dharmasthala kwa barabara ya mteremko wa mlima wa Charmadi. Kwenye kona moja chini ya Kottigehara mawe yalikuwa yameanza kudondoka barabarani. Akawashusha abiria wote, akawaambia wapande kwa miguu hadi kwenye kibanda cha kahawa walichokuwa wamekipita, naye akabaki kulirudisha gari nyuma. Mlima ukashuka. Gari lilionekana bondeni, mlango wake uko wazi. Devaraju hakuonekana.

Miongoni mwa waliomtafuta alikuwamo Moidinabba, Mbeari wa pwani aliyehamia Hassan kwa ajili ya kazi, dereva mwenzake na rafiki yake wa kutaniana. Leo ndiye anayeendesha safari za Vanajakshi.

"Nilichimba kwa mikono," anasema Moidinabba. "Ukitoa tope hapa, linaingia kule. Nilipata ndala moja. Na ndala zote zinafanana, huwezi kumpelekea mama wa mtu ndala ukamwambia huyu hapa mwanao."

Serikalini waliambiwa kwamba bila mwili wangoje miaka saba ndipo ahesabiwe amekufa. Lakini Kempamma hakuwa akingoja serikali. Alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo ni neno.

Hassan hakuna anayeaga kwa kusema "naenda". Mtu akitoka, hata kama anakwenda dukani kununua chumvi, husema "naenda narudi", na aliyebaki humjibu "nenda urudi". "Naenda" tupu ni neno la aliyekasirika na hataki tena kukuona. Kwenye nyumba yenye msiba pia watu huondoka kimya, maana nani anataka kuahidi kurudi msibani?

Siku habari zilipofika, Kempamma hakulia kwanza. Alimshika mkwe wake mabega akamuuliza, "Aliagaje?"

"Alisema naenda narudi," Vanajakshi akajibu.

Mama akaketi chini, akajifuta uso kwa upindo wa sari. "Basi atarudi," akasema. "Mwanangu hajawahi kunidanganya."

Jioni hiyo hiyo akafinyanga mabonge matatu.

Ukweli ni kwamba Devaraju hakuaga hivyo. Asubuhi ile waligombana, na ugomvi wenyewe ni wa aibu kuusimulia: Vanajakshi alikuwa amemwazima jirani mwavuli wa mumewe. Devaraju aliutafuta nyuma ya mlango, akaukosa, mvua inamwagika. Akanung'unika, mkewe akamjibu, naye akachukua funguo.

"Naenda," akasema.

"Nilibaki mlangoni nikingoja amalizie," anasimulia Vanajakshi, akiutazama mkufu wake wa ndoa ambao hajauvua. "Nilijua akifika getini atageuka aseme 'narudi', hata kwa kununa. Alikuwa hivyo, hasira zake zilikuwa hazikai. Akawasha gari akaondoka. Mama aliponiuliza, ningemwambiaje? Nilimpa ile nusu iliyobaki. Nilidhani ni ya siku moja tu, imsaidie alale."

Siku moja ikawa miaka minne. Kwa kuwa mume "atarudi", Vanajakshi alikatazwa kuvua mkufu na kufuta alama nyekundu ya paji la uso, kama wafanyavyo wajane. Kila Ijumaa Kempamma alimnunulia maua ya asmini, ambayo mjane havai, na kumchomekea kwenye nywele kwa mkono wake mwenyewe. Bombani wanawake wakaanza kusema. "Mpisheni bibi harusi," mmoja alisema akisogeza ndoo, na wengine wakaangua kicheko. Vanajakshi alijaza maji yake, akaenda zake. Anasema maneno ya bombani hayakumuuma sana. Kilichomuuma ni kusikia sahani ikifunika bonge la tatu, kila jioni, na kujua kwamba aliyeiweka pale, kwa uongo wake, ni yeye.

Moidinabba ndiye aliyemjia juu, mwezi uliopita wa Juni, wakiwa wameketi mezani hawana mteja.

"Dada, watu wa Bijapur unawapangia mpaka choo cha njiani. Yako mbona huipangi?"

"Ipi?"

"Unajua ipi. Gokarna."

Gokarna, pwani ya kaskazini, ndiko watu wa jimbo hili wanakowapeleka marehemu wao walioondoka bila mazishi. Kuhani husuka mtu wa nyasi, anachomwa badala ya mwili ambao haukupatikana, na majivu hupewa bahari. Mdogo wake Devaraju alikuwa tayari kuuwasha moto huo, ila kwa sharti kwamba mama atamke mwenyewe kuwa kaka yake amekufa. Mama asingetamka, kwa sababu mwanawe aliahidi kurudi.

"Sasa unataka nimwambie mama nilimdanganya?" Vanajakshi akauliza.

"Mimi nataka rafiki yangu apumzike," akasema Moidinabba. "Na yule ng'ombe naye apunguze unene."

Vanajakshi anasema alicheka, kisha akalia hapo hapo stendini mbele za watu, na hakujali.

Alipiga moyo konde jioni ya pili yake, mama akiwa anasonga. Alimweleza yote: mwavuli, funguo, lile neno na lilivyoishia. Kempamma hakugeuka. Aliendelea kusonga mpaka ugali ukaiva, akauipua, akalowesha viganja.

"Alisema 'naenda'," akarudia.

"Ndiyo, mama."

"Basi?"

"Basi, mama. Hakuongeza kitu."

Akafinyanga mabonge mawili. La tatu alilianza, akalishika kidogo viganjani, akalirudisha chunguni. Usiku huo hakula, wala kesho yake. Hakumtukana mkwe wake wala hakumsemesha, na Vanajakshi anakiri kwamba angetukanwa angepata nafuu. Ijumaa ikapita bila maua ya asmini. Alidhani amefukuzwa na bado hajaambiwa tu.

Kisha, asubuhi moja, Kempamma alimletea kahawa kitandani, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu amwoze mwanawe.

"Hukubeba mzigo mdogo, mwanangu," akasema. "Huko Gokarna, gari linapitia njia gani?"

Jumapili hii wamekutana barazani kuipanga safari hiyo. Itakuwa Desemba, mvua zikiwa zimekatika na milima imekauka. Tangu mumewe apotee, Vanajakshi hajampitisha mteja hata mmoja Charmadi. Huwazungusha kwa njia nyingine ya mlimani, ya Shiradi, na kama Shiradi imefungwa huwaambia wabaki makwao. Kwa hiyo ameanza na barabara ya Shimoga na Sagara, ndefu lakini ya amani.

Kempamma anamkatiza. "Charmadi."

"Mama, kule..."

"Najua kule kuna nini. Charmadi. Na wewe Moidin, utanisimamishia gari kwenye ile kona."

"Mama, pale hapasimamiki," anasema Moidinabba. "Malori yanashuka kama yamelaaniwa."

"Utasimama. Au nimtafute dereva?"

Moidinabba anainua mikono juu. Anamuuliza akishashushwa atafanya nini pale, maana hakuna cha kuona, ni nyasi tu zimeota.

Kempamma anamgeukia mkwe wake, ataje vituo. Vanajakshi ameshika tama. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake ameipanga safari kuanzia kwenda: Belur, Mudigere, Kottigehara, kibanda cha kahawa, kona. Alipoulizwa na mwandishi kuhusu kurudi, alisema ya kurudi bado hajaiona. Anatumaini ataiona wakishafika baharini. Huko pia ndiko atakakouvua mkufu, na anaomba mama asimshike mkono kumzuia.

Moidinabba anavaa ndala zake kwenye ngazi. "Haya, mama. Naenda narudi."

"Nenda urudi," anajibu Kempamma, bila kufikiri, kama alivyowajibu watu maisha yake yote. Kisha anamwita, naye anageuka.

"Uliniuliza nitafanya nini pale," anasema. "Mwanangu aliaga, na mtu akiaga hujibiwa. Sikuwepo nimjibu. Nitamwambia nenda."

"Nenda urudi?"

"Nenda. Hiyo nyingine sitaiweka."