Kompyuta ya Kumbaro Vaios

Zisis aliendesha basi la Trikala kwenda Ioannina, kwetu Ugiriki, mpaka moyo ulipomletea kisirani na daktari akamnyang'anya usukani. Watu wakadhani sasa atashinda mkahawani akibishana siasa na wastaafu wenzake. Wapi! Binti yake Polixeni alimwachia kompyuta yake kuukuu yenye mchezo wa kuendesha mabasi, na mzee wa watu akanogewa. Anapanda milima kwenye kioo, maikrofoni iko wazi, mdomo haupumziki: kona hii kuna kasisi alinitapikia viatu, hapa palikuwa na mama anauza pai za mchicha, mkali huyo, usimguse. Watu wakaanza kumtazama mubashara mtandaoni kila Jumamosi mchana, wengi wao Wagiriki wa Stuttgart na Melbourne, waliopanda basi lake siku walipohama. "Mzee Zisis, pita kijijini kwetu!" wanamwandikia. Naye anapita, na honi anapiga. Mkewe Asimina alisema hajamwona mumewe akichana nywele vile tangu siku ya harusi.

Ila ile kompyuta ilikuwa imechoka. Picha inaganda, sauti inaendelea. Akitaka kuhariri video, anabonyeza, anakwenda kuchemsha kahawa, anakunywa, anarudi, bado mashine inatafakari. Jumamosi moja basi liliganda katikati ya daraja na nusu ya watazamaji wakaondoka zao. Zisis akabaki kitini, mkono kifuani. Asimina alimkimbilia na vidonge, kumbe si moyo, ni roho tu iliyokuwa ikimuuma.

"Baba, nenda dukani," Polixeni alimwambia kwa simu kutoka Thessaloniki. "Chukua kompyuta ya mezani, siyo ya kupakata, hiyo itachemka mpaka upike mayai juu yake. Prosesa iwe na nguvu, memori isiwe ya kubahatisha, na kadi ya picha iwe mpya. Kurusha mchezo na kuhariri video ni kazi nzito, na kadi ndiyo inayobeba mzigo. Na udai risiti, baba. Na dhamana."

"Dukani nikafanye nini, na kumbaro yupo?"

Kumbaro, yaani msimamizi wa ndoa yao, ni Vaios. Ndiye aliyewabadilishia mataji kichwani siku walipooana kanisani, ndiye aliyemshika Polixeni siku ya ubatizo, na ana kibanda cha kutengeneza kompyuta nyuma ya soko. Kwetu, mtu akiwa na kumbaro fundi halafu akanunua kwingine, amemtukana. Na kumdai kumbaro risiti, afadhali umtemee mate.

Basi Vaios akaitwa, akaja na chupa ya tsipouro, pombe kali ya zabibu, kwapani. Zisis alikuwa amejiandaa kama mwanafunzi wa mtihani. Siku zote hizo alikuwa akitazama video za mafundi na kusikiliza wanavyozichambua mashine.

"Kumbaro, nataka kadi ile mpya, yenye feni tatu," akaanza. "Na diski mbili, moja ya mchezo, nyingine ya video zangu, zisigombane."

"Haya, Trikala imepata injinia!" Vaios alicheka mpaka akakohoa. "Mzee wewe, juzi hapa hukujua kuwasha. Niachie mimi. Nitakuundia mashine, utakaa kama waziri."

"Kadi lakini, Vaios. Kadi ndiyo yenyewe."

"Nimekuangusha lini mimi?"

Wakagonganisha glasi, bahasha ya pesa ikapita mezani, na aliyeipokea hakuifungua. Mambo ya kumbaro ndivyo yanavyokwenda.

Sanduku likaja, jeusi, linawaka taa za buluu kama meza ya disko. Mwanzoni lilikwenda vizuri. Halafu, siku moja basi likiwa linateremka mlima, kompyuta ikajizima, pyu! Vaios akasema tatizo ni intaneti. Zisis akagombana na binti wa watu wa kampuni ya intaneti mpaka akakatiwa simu. Ikajizima tena. Vaios akasema ni umeme wa jengo. Basi kila Jumamosi maskini Asimina akawa anazima jiko, pai ikiwa imeiva nusu, ili mumewe arushe mchezo wake. Ikajizima vilevile, na watazamaji wakazidi kupungua.

"Baba, fungua ubavu wa hilo sanduku uangalie," Polixeni alimsihi.

"Nimpekue kumbaro? Nitamtazama usoni kwa macho gani?"

Hakufungua. Alikuja kulifungua kwa fahari, hapo ndipo uchungu ulipo. Mtazamaji mmoja wa Stuttgart aliandika, mzee, tuonyeshe ndani ya mashine yako. Zisis akachukua bisibisi, akavua ubao wa pembeni, akageuza kamera. "Tazameni wenyewe," akasema, kifua mbele. "Hii ni kazi ya mikono ya kumbaro wangu Vaios!"

Kisha yule wa Stuttgart akaandika: "Mzee Zisis, hiyo kadi ni ya zamani. Imeungua ukingoni, na feni moja haizunguki." Mwingine akaongeza: "Hiyo ilikuwa ikichimba sarafu za mtandaoni usiku na mchana. Imekamuliwa mpaka basi." Na wa tatu, bila kufikiri: "Nani huyo kakuuzia?"

Wote walikuwa wametoka kumsikia akilitaja jina. Zisis akazima kamera. Uso ulimwaka kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Alikwenda kwa miguu hadi kibandani. Vaios alijaribu utani kwanza, akaona haupokelewi.

"Sikia, kumbaro. Kadi mpya nilikuwa nayo, kweli. Nikampa mtoto wa mwanasheria, yule anacheza mashindano, anaihitaji kikwelikweli. Wewe unaendesha basi la kuigiza! Mzee mzima! Nikasema hutajua tofauti."

Zisis akamsogelea. "Vaios. Umewahi kunitazama? Hata Jumamosi moja?"

"Nina kazi, kumbaro, unajua hali yangu..."

"Hata moja?"

Vaios akainama akaanza kupanga bisibisi zake. "Ilete, nitakubadilishia," akasema. "Tusikosane kwa kipande cha bati."

Kipande cha bati! Watu wa Melbourne wanakesha usiku, mtu wa Melbourne hata hajui Zisis anakaa mtaa gani, na huyu wa hatua mbili, aliyemshikia mtoto, anamwona babu anayechezea kidude. Zisis alirudi nyumbani akamwambia mkewe kadi ni mbovu, basi. Kompyuta akaifunika kitambaa, na Jumamosi ikawa siku kama nyingine.

Mwaka Mpya ukafika, na Vaios akaja kama kila mwaka, boksi la vitumbua vya asali mkononi, anaita toka ngazini: "Kumbaro! Miaka mingi!" Akambusu Asimina, akambusu Polixeni aliyekuja kwa sikukuu, akakaa kiti chake kile kile. Keki ya mwaka ikawekwa mezani. Mwenye nyumba ndiye anayekata, na kwa kila kipande anamtaja mwenye nacho kwa sauti; katika nyumba hiyo kumbaro hutajwa mara baada ya mke.

Zisis akachora msalaba kwa ncha ya kisu. "Cha Kristo," akasema, akakata. "Cha Mama Mtakatifu. Cha nyumba." Akakata kingine. "Cha mgeni tusiyemjua, akipita akabisha hodi."

Sahani ya kipande hicho huwekwa pembeni. Zisis aliizungusha mezani, akaisogeza mpaka ikagusa vidole vya Vaios.

"Cha Asimina," akaendelea. "Cha Polixeni. Na changu mimi." Akakiweka kisu chini.

Asimina alitazama sahani, akamtazama mumewe. Vaios akajichekesha. "We mzee! Na changu kiko wapi?"

"Umeshapewa," Zisis akamwambia, akavuta kiti akakaa.