Kitufe cha Kwanza ni cha Boss

Sijaona mtu anayeijua simu kama Mama Nekesa wa ofisi ya mawakala wa forodha hapa Malaba. Anamtuliza dereva kwa Kiteso, anamjibu tajiri wa Kampala kwa Kiganda, na kalamu yake haisimami.

Juzi nilienda kumfungia kisanduku cha vitufe vya ziada kando ya simu yake, awe anabonyeza mara moja tu kumhamishia mtu simu iliyoingia. Kikagoma kuwaka. Fundi mzima nikatoka jasho, yeye akatupa jicho tu: "Boss, hiyo waya umeichomeka kwenye tundu la kompyuta." Kikawaka.

"Kitufe cha kwanza ni cha boss," akasema.

Hata muuza karanga huniita boss, lakini nani amewahi kunipa kitufe? Nikaingiza namba yangu.

Mkurugenzi akatokea. "Kampala wamepiga?"

Simu ikalia. Mama Nekesa akaipokea, akabonyeza kitufe cha kwanza. "Ingia ofisini, mzee, nimekutumia," akamwambia mkurugenzi.

Mfuko wangu ukaanza kuimba.

Mama Nekesa akaniangalia, akasema kwa upole uleule, "Pokea basi, boss."