Wanasesere wa Bonifasia

Watu wa Murusagamba watakuambia Bonifasia ana kichaa. Wasikudanganye. Mama yule alizaa watoto sita, akazika watano kabla hawajatembea. Aliyepona ni Priscila peke yake. Sasa niambie, nguo za mtoto aliyekufa utampa nani? Kila jirani aliyepelekewa alishukuru kwa mdomo tu, mikono kaiweka nyuma. Kuzichoma alishindwa. Basi akafungafunga majani makavu ya mgomba, akayavika nguo zile, akawatundika wanasesere watano migombani nyuma ya nyumba. Macho yao aliyafanya kwa maharage mekundu. Mvua zikianza maharage yanavimba, yanachipua usoni, na kila mwaka Bonifasia alikuwa akiyang'oa na kuwawekea macho mapya.

Yangekuwa yake na Mungu wake. Lakini Aron wa bodaboda akampitisha pale mgeni mwenye kamera, na picha zikasambaa kwenye simu. Wakaanza kuja wawili wawili, halafu gari zima. Wanacheka kwa woga, wanapiga picha, wanaondoka. Rogasian, mwenyekiti wa kijiji, akasimamisha kibao barabarani: KIVUTIO CHA WANASESERE. Alimuuliza nani? Hakumuuliza mtu!

Priscila, aliyeolewa Bugarama, akajifungua mtoto wa kike. Miezi saba ikakatika, bibi hajamshika mjukuu. Ukweni walishakata kauli: mtoto hakanyagi kwenye migomba ile, na bibi mwenye mizimu asitie mguu kwao.

“Mama, washushe,” Priscila alimwambia kwenye simu, analia. “Washushe, nikuletee mtoto Jumapili.”

Jumamosi Bonifasia akachimba shimo. Akawashusha mmoja mmoja, akiwataja majina, akawazika na nguo zao. Alilia, we acha tu. Vifo vitano vilimrudia kwa siku moja. Kisha akampigia Priscila kumwambia, akafagia ua, na asubuhi akaenda misa ya kwanza, akimshukuru Mungu mapema. Mapema mno.

Kumbe Rogasian alikuwa na wageni siku hiyo. Alipokuta migomba mitupu, akaita vijana. Wakajaza majani kwenye magunia, wakayavika nguo za mtumba za watoto, wakatundika ishirini. Ishirini, jamani! Tena alidhani anamsaidia mama wa watu.

Bonifasia alipotoka misa akakutana na pikipiki ya Aron njiani, inarudi. Nyuma alikaa Priscila, mtoto mgongoni, amefunikwa kitenge gubigubi.

“Shikamoo, mama. Uliniambia umewazika.”

“Nimewazika, mwanangu! Kwa mikono hii. Twende nikuonyeshe shimo.”

“Natoka huko. Wamejaa mpaka mlangoni. Kuna mgeni kaniomba mtoto, eti ampige picha nao.”

Bonifasia akanyoosha mkono kukishika kitenge. Priscila akajivuta pembeni. Hakuwa na hasira, alikuwa anaogopa, na mama yake akaushusha mkono. Pikipiki ikaondoka. Uso wa mjukuu hakuuona.

Nyumbani aliwakuta wageni bado wanazunguka na simu zao. Binti mmoja mpole akamwamkia, akaonyesha migombani kwa kidole.

“Mama, hawa wote ni watoto wako?”

“Alikuwa amenibakia mmoja,” alisema Bonifasia. “Ameondoka sasa hivi na pikipiki.”