Maji ya Pasaka na Tukutuku ya Papa

Nianze na wale waliokuwepo, maana wengi hawako tena na majina yao nimebaki nayo miye peke yangu. Kulikuwa papa yangu, baba mzazi, Bisimwa. Kulikuwa maman, Nsimire, mimba yake imefika mwisho na miguu imevimba, hata viatu vya papa havikumwingia. Kulikuwa koko M'Birindwa, aliyemzaa papa. Kulikuwa tonton Mushagalusa, mdogo wake papa. Na miye Faida, mutoto wa kwanza, meno ya mbele yameng'oka na mengine hayajaota. Jirani Zihindula nitamtaja pia, lakini yeye aliondoka mapema, na ilikuwa bahati yake.

Hata leo nikipita mahali wanauza esanse, yale mafuta ya magari, kwa chupa kando ya barabara, harufu ile inanisimamisha. Naona tena kiwanja chetu cha Kadutu, mtaa wa juu ya ziwa, vumbi ya kiangazi, na chini ya kibanda cha bati ile pikipiki. Siku zile tuliiita tukutuku. Muzungu mmoja wa mashamba ya chai, ambaye papa alikuwa anamufanyia kazi, aliiacha wakati wa Uhuru, alipokimbia na valizi moja ya nguo. Ilikuwa imekufa zamani. Kuku walikuwa wanataga chini ya kiti chake. Papa aliisugua kutu kwa mchanga na ndimu, akaishonea kiti cha ngozi ya ng'ombe, na kila siku ya Mungu akitoka misa alikuwa pale, magoti kwenye udongo.

Maman alimwambia, "Ile njo bibi yako wa kwanza."

"Ndiyo," papa akamjibu. "Na huyo haongei."

Lakini ilikosa moto. Papa alikuwa anachomoa buji, ile plagi ya kutoa cheche, anaigusisha kwenye chuma ya mashini, tonton anapiga kiki, na sisi wote tunainama kama watu wanaochungulia ndani ya chungu, tuone kama kacheche kataruka. Hakakuruka. Kwanza papa alishuku buji yenyewe, akaichoma kwenye makala ya jikoni na kuipiga brashi. Hapana. Akashuku waya, kwa sababu panya waliutafuna, akaweka mwingine. Hapana. Mwisho alifungua manyeto, ile sehemu ya ubavuni mahali moto unazaliwa, akatuonyesha vipande viwili vya chuma, vidogo kama punje za mtama, vinavyokutana na kuachana. Vilikuwa vyeusi. Alivikwangua kwa ubavu wa sanduku la kiberiti, na nafasi kati yake akaipima kwa wembe wake wa ndevu. Alipenda kusema, "Moto haupotee. Ulikwama mahali. Kazi ni kutafuta mahali."

Hapo vita ilikuwa imeingia. Siyo hizi munazozijua ninyi wa leo. Ile ya zamani, ya askari wazungu wa kukodiwa. Bunduki zililia chini, upande wa ziwa, na watu walikuwa wanapanda kuelekea vijiji vya Kabare na Miti, magodoro kichwani. Zihindula akaja na wanaume wa mtaa, wamebeba kipoyi, kile kiti cha miti cha kubebea wagonjwa.

"Bisimwa, leta bibi yako tumubebe. Tuko wanaume ya kutosha."

"Kesho tutawapita mu njia," papa akacheka. "Mutakula vumbi yangu."

"Mashini haina mabega, ndugu yangu."

"Na mabega yenu haina mipira. Muende salama."

Kwetu mtu hakatai kipoyi cha majirani. Ukikikataa mara moja, hakirudi. Koko alitazama chini. Wanaume wakaenda.

Na siku ile ile, jua likianza kulala, kacheche kakaruka, ka bluu, kazuri. Papa akarudisha buji, akapiga kiki, na tukutuku ikanguruma mpaka mabati yakatetemeka. Maman alitoka akishika tumbo na kucheka, koko akapiga vigelegele. Papa akaizima upesi asimalize esanse. Kifuniko cha manyeto hakikuwa na visi za kukikaza, akaacha pale wazi, akasema kesho atakifunga kwa waya. Halafu akaenda kutafuta esanse ya safari.

Alipotoka tu, koko akaingia nyumbani na kurudi na chupa ya maji ya Pasaka, yale ya kubarikiwa kanisani. Kwetu kitu kipya hakitoki kiwanjani bila baraka, na padri alikuwa amekwisha kukimbia. Padri hurusha matone. Lakini koko aliona kwamba vita kubwa namna ile haiwezi kuzuiwa kwa matone. Akamwaga juu ya usukani, juu ya kiti, juu ya mashini, taratibu, kama mtu anayemwagilia kabichi zake. Alimwaga chupa mpaka mwisho. Sisi tukaitika Amina.

Papa aliporudi, akamwambia, "Nimeibariki."

"Asante, mama," papa akasema. Yeye kichwani aliona matone ya padri.

Asubuhi papa alimpandisha maman nyuma na kumfunga kwake kwa kitenge, kama mutoto. Akapiga kiki. Kimya. Akapiga mpaka shati likashikana na mgongo. Wakamshusha maman, buji ikatolewa, tukainama tena. Hakuna cheche. Papa alichungulia manyeto, akapitisha kitambaa, hakuona kitu. Maji yalikuwa yamejificha ndani, nyuma ya nyuzi za shaba, na baridi ya asubuhi ilikuwa bado. Nani angewaza maji, kiangazi, mvua haijanyesha tangu lini?

"Ni kondasateri," akasema. Ni kichuma kidogo, kama risasi yenye mkia wa waya. Kikifa, moto unakufa. Balagizi, fundi wa chini karibu na soko, alikuwa nacho.

"Bisimwa, tutembee polepole," maman akasema.

"Na ile miguu?"

"Nitatambaa."

"Kaa mu kivuli. Niko narudia sasa hivi." Akamwambia tonton asukume tukutuku nje ya kibanda, kwenye jua, ili akirudi aone vizuri mahali pa kufanya kazi. Akashuka.

Jua likapanda. Chini bunduki zikaanza, zikanyamaza, zikaanza. Maman akaanza kuumwa. Saa ya kula ilipita bila mtu kuwasha moto jikoni. Tonton, kwa hasira tu, akaipiga ile mashini teke la kiki kama mtu anavyopiga mbwa. Ikawaka.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Tonton aliiacha ingurume, akatazama njia. Papa hakutokea.

"Peleka yeye," koko akasema. "Bisimwa atawafuata na miguu."

Maman aliushika mlango. Koko akaifungua mikono yake kidole kwa kidole. Tonton na maman walifika Miti, kwa masista, na maman akazaa mutoto mwanaume. Koko alichagua jina, miye naye tulipowafikia kwa miguu: Bahati.

Habari ya papa tuliletewa na Maman Cibalonza, muuza karanga, aliyekuwa amejificha chini ya meza yake pale sokoni. Wanaume walipigishwa magoti. Askari, wa upande gani hakujua, wakatafuta mifukoni, wakakuta kile kichuma.

"Hii ni ya bomu."

"Ni ya tukutuku, chef, mukubwa wangu."

"Tukutuku iko wapi? Utupeleke."

Papa akanyamaza. Walimpiga, akanyamaza. Wakamtupa kwenye kamyo, lori lao, na kamyo ile haijarudi mpaka leo.

Miaka yote koko alisimulia, kanisani na kwenye vilio, jinsi maji yake ya Pasaka yalivyoamsha mashini iliyokuwa imekufa. Watu waliitika Amina. Miye pia.

Nilikuwa mke wa mtu nilipofahamu. Bwana yangu Cirhuza alikuwa dereva, tunatoka Luberizi na mchele, kamyo ikaingia mtoni na kuzima katikati ya maji. Waliisukuma mpaka ng'ambo. Alifungua mashini, akaiacha juani, akalala chini ya mti. Baadaye ikawaka mara moja. "Maji yananyamazisha moto," akaniambia. "Jua linaurudisha. Kubadilisha vyuma haina maana, ni kungojea tu." Nilikaa juu ya magunia nikauma kitenge changu mpaka nyumbani.

Nikamwendea maman, nikamweleza yote. Alikuwa anachambua maharagi, na mikono yake haikusimama.

"Nilijua tangu Miti," akasema. "Unyamaze. Ni mama ya Bisimwa."

Koko alikufa akiwa mzee sana, chupa ya Pasaka kando ya mto wa kitanda chake, na tulimzika na furaha yake.

Sasa ninyi munaosoma, kama kuna muzee wa Kadutu anayekumbuka zaidi yangu, anisahihishe. Aseme kwamba koko alirusha matone tu. Aseme kwamba siku ile Kadutu haikuona jua, na tukutuku iliwaka kwa sababu nyingine. Majina sikosei. Lakini haya mengine, ningefurahi sana kuambiwa nimekosea.