Fundi wa Magodoro Asiyelala

Nianze na aibu yenyewe niimalize: mimi, fundi wa magodoro ya usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, niliyeulaza nusu ya mtaa wa Nguvumali, nilitangaza kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya wateja wangu, kwamba silali. (Msicheke kwanza, ngojeni.)

Miguu yangu ilipooza nikiwa mtoto na shule niliionea mlangoni tu, lakini nyumba nimejenga, mke nimeoa, na baiskeli yangu ya magurudumu matatu naiendesha kwa mikono hadi ufukweni Raskazone bila kumwomba mtu. Enzi za marehemu mke wangu Mwanahamisi tulikwenda huko jioni za Ijumaa kupunga upepo, yeye anasukuma huku ananicheka, na tukirudi analipiga godoro kofi, anasema, "Haya lala, fundi, hili la kwako." Alipokufa, usingizi ukamfuata. Nikawa nakesha na kanga yake, nalia.

Basi nikaenda hospitali. Mapokezi nikasema sina usingizi, moyo mzito. Kijana akaitazama miguu yangu, akanipeleka kwa watu wa mazoezi ya viungo, wakanikunja na kuninyoosha wee, wakanirudisha. Ndipo nikaambiwa mshauri wa mambo ya akili yupo, ila yupo ghorofani, na kupanda ni kwa ngazi. Vijana wawili wakajitolea kunibeba.

"Mimi si gunia la usumba!" nikawaka. "Mwiteni aniulize hapa hapa!"

Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi. Mshauri mwenyewe, binti mdogo tu, akachungulia kutoka juu. "Shikamoo babu! Unasumbuliwa na nini?"

"Marahaba. Silali!"

"Sema kwa nguvu, babu, huku sikusikii!"

"SILALI!"

"Tangu lini?"

"Tangu mke wangu afe! Nakesha na kanga yake, sitaki hata kuifua!"

Nikajua nimekwisha, lakini maneno yakishashika njia hayarudi, na benchi zima la wagonjwa, wateja wangu wakiwemo, hata watoto wa kliniki, lilikuwa limegeuka kunisikiliza mimi na kanga yangu. Mara nikasikia sauti ya Bi Saumu, ambaye wiki ile ile alikuwa amechukua godoro kwangu:

"Ala! Fundi mwenyewe halali, sasa hilo langu litanilaza mimi?"

Watu wakaangua kicheko, na mimi, wallahi, nikacheka nao huku machozi yananichuruzika hadi kwenye ndevu. Bi Saumu akayaona. Akasimama, akajifunga kanga kiunoni, akamgeukia yule binti: "Mwanangu, miguu si unayo wewe? Shuka!"

Akashuka. Chini hapakuwa na chumba cha kuongelea, tukaingia stoo, baina ya ndoo na mafagio, akafunga mlango, nikamhadithia Mwanahamisi wangu wote, mpaka lile kofi la godoro. Usiku ule nikapata usingizi, kidogo.

Nimeapa: ya chumbani mwangu sitayapigia kelele tena mbele ya benchi. Lakini aibu ya kelele ndiyo yangu. Ile ya ngazi ina wenyewe, na wangapi wamefika chini yake wakageuza kimya kimya, hilo sijasikia mtu akiliuliza. Siku hizi nikifika napiga kengele ya baiskeli tu, binti anashuka na ufunguo wa stoo.

Kanga bado sijaifua.