Mstari wa Mbio za Punda

Farasi sisi hatukuwa nao. Tulikuwa na punda, na uwanja wa mbio za punda tulikuwa nao, ingawa leo ukiwaambia vijana wa Garsen watadhani unapiga chuku. Ulianzia mtoni kwa wakulima, ukakata mbuga hadi kijijini kwetu wafugaji, upande wa Minjila. Walioshindana walikuwa wanawake. Kila punda alibebeshwa mitungi miwili iliyojaa maji pomoni, bila vifuniko, na fimbo ilikuwa marufuku. Aliyetangulia kufika huku maji yamemwagika hakuhesabiwa. Wanaume walisimama kando wakitukumbusha kwamba punda haendi bila kigongo, kisha jioni wakayanywa maji hayo hayo bila haya.

Refa alikuwa mama mkulima wa upande wa mtoni, kwa sababu sisi kwa sisi hatukuaminiana. Yeye ndiye aliyejaza mitungi na kuchora mstari wa kuanzia kwa kisigino. Ukivuka mstari kabla hajasema neno, unarudi nyumbani. Mamangu, ambaye kungoja hakumo katika damu yake, alirudishwa misimu miwili. Alimsema yule mama mwaka mzima, lakini hakutaka refa mwingine.

Kisha mbio zikafa. Ukame uliua punda, mafuriko yakahamisha watu, na ukaja wakati majirani hawakusalimiana. Miti ya miiba ya mathenge ikafunga njia na mashamba yakasogea. Sasa kina mama wa kwetu wanazunguka mbali sana kufuata maji, na mamangu, pamoja na magoti yake mabovu, ni mmoja wao. Mwaka huu wazee wa pande zote mbili wamekubaliana njia ifunguliwe pale pale ulipopita uwanja, bila kuongeza wala kupunguza, asije mtu akalalamika. Mimi mwalimu nikapewa kazi ya kuandika historia yake.

Niliandika kwa mbwembwe. Niliweka mstari wa kuanzia kwenye mti mmoja wa mkoma uliopinda, na ningeapa kwamba ndivyo nilivyoona utotoni. Refa wetu yu hai bado, amekuwa ajuza, nami nikaenda kumsomea. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Umeandika vizuri, mwanangu," akasema. "Lakini kwa mkoma tulifunga punda tu. Mstari iko huku."

Akaonyesha shamba lake la mahindi. Hana shamba lingine. Mahindi yalikuwa yameanza kushika punje, na mimi nilitamani kama nisingekuja kumsomea.

Wazee walipofika kuthibitisha, mwana wa kiume wa yule ajuza alikimbilia kusema. "Mama amezeeka, anasahau. Ni kule kwa mkoma. Hata mwalimu ameandika."

Wote wakanitazama. Nilijua kwamba kwa mkoma ukingo umemomonyoka na punda hawezi kushuka. Nilijua mamangu ataendelea kuzunguka. Lakini nilimwona yule ajuza amesimama na jembe lake, huruma ikanishinda, nikasema labda kweli ni kwa mkoma.

Sijawahi kukaripiwa vile tangu nilipokuwa mwanafunzi.

"Wewe usinihurumie na uwongo," akasema. "Mama yako nilimrudisha nyumbani mara mbili kwa sababu ya mstari hii. Kama haikuwa hapa, basi nilimwonea. Nilimwonea?"

Nikasema, "La, bibi, hukumwonea."

"Basi nyamaza."

Mwanawe alijaribu kumshika mkono, mama akaukwepesha. Mzee mmoja wa kwetu alisema jambo hili linaweza kungoja siku nyingine. Ajuza akamwambia siku nyingine huenda yeye hayupo, na hapo ndipo watu watakapoanza kugombana.

Akaingia kati ya mahindi. Uwanja ulikuwa wa upana wa punda wanane, bega kwa bega, mizigo ikiwa mgongoni. Aliwahesabu kwa sauti, mmoja mmoja, akivunja bua la kijani kwa kila punda ili wakataji wa njia wasipotee. Mimi nilikuwa na daftari mkononi na sikuandika kitu. Niliona haya, na nilimpenda.

Alipotoka upande wa pili, yalikuwa yamebaki matuta matatu ya mahindi kando ya nyumba yake. Aliyatazama, akajifuta mikono kwenye leso.

"Haya yatanitosha," akasema.

Hayawezi kumtosha, na kila aliyekuwa pale alijua.